Vidonge vya Dukani Rangwe

Niliporudi Rangwe na diploma ya famasia, niliyojilipia mwenyewe kwa jasho la kazi ya Doha, Uarabuni, nilimkuta shemeji yangu dukani, mjamzito wa miezi mitano, akikohoa. Mwenye duka, fundi wa kupima sukari ya chai kwa mizani, alikuwa akimhesabia vidonge vya tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria.

"Ni kali hii, mama. Meza na maziwa, mtoto apate nguvu."

Nilicheka, nikawaeleza wote wawili. Ujinga mara mbili! Dawa hiyo hushikana na kalsiamu, madini yaliyomo kwenye maziwa na mifupa. Sehemu ikinaswa na maziwa, haimtibu mama. Sehemu ikimfikia mtoto, hukaa kwenye mifupa na meno yanayojengwa tumboni, na meno huota ya manjano.

"Daktari wa Uarabuni amerudi!" mwenye duka akanidhihaki. "Nimetibu watu hapa wewe ukiwa wapi?"

"Nikisoma. Wewe ulisoma nini, pakiti ya chumvi?"

Shemeji alishika tumbo. "Shemeji, ni kweli meno ya mtoto?"

"Kweli kabisa."

Akavisukuma vile vidonge. Nilimpeleka kliniki, akapewa dawa inayomfaa mjamzito. Yule bwana, bila aibu, alivirudisha mkebeni kumngoja mwingine.