Maji ya Kumtoa Mama Eda

Mama alikataa kutoka chumbani. Eda yake ilikuwa inakwisha Ijumaa ya juma lililofuata, miezi minne na siku kumi, na majirani zetu wa Jabe, hapa Bujumbura, walikuwa wameshaleta mchele wa dua. Lakini mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mkeka, kwamba hatoki mpaka aogeshwe kwa maji ya ziwa kule Rumonge, maji ya pale mbele ya nyumba ya baba. Bibi yetu, mzaa baba, alitolewa eda kwa maji yale, na mama yake bibi vilevile. Mama mwenyewe ndiye aliyemwogesha bibi. Hakuona sababu ya yeye kuogeshwa kwa maji ya bomba, ya robineti, kama sahani.

Kaka yangu, ambaye ni fundi wa pikipiki, alipiga magoti mbele yake.

"Mama, shehe amesema eda inaisha yenyewe. Siku zikitimia, basi. Maji haiko sharti."

"Shehe aliolewa Rumonge?"

"Apana, mama."

"Basi."

"Na ziwa ni moja. Maji ya hapa Kibenga ni ile ile. Ninaenda sasa hivi, mbele ya adhuhuri nimerudi."

"We chota ya Kibenga, uoge mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikajua hapo ndipo mtu anapocheka. Sikucheka. Tangu tulipomzika baba, mambo yalikuwa yananipita kama yanavyompita mtu aliyekaa nyuma ya kioo. Katika matanga wanawake walinitazama kwa pembeni, wakingoja nianguke, na mimi nilikuwa naosha vikombe. Wenzangu tunaokutana kusomeana tunachoandika walinishauri: kaa chini, andika, machozi yako yatashukia kwenye karatasi. Nilikaa chini. Niliandika neno "baba", nikalitazama kama mtu anavyotazama kandambili ya mgeni mlangoni kwake. Kisha nikafunga daftari, nikaenda kuchambua mchele.

Petroli haikuwepo mjini. Magari yalilala foleni, na mabasi ya kusini yalikwenda siku yalipojisikia. Kaka alichukua baiskeli mbili kwenye karakana yake, akazikaza minyororo, akafunga bidoni, dumu la njano, kwenye keria ya moja na hema la kuazima kwenye keria ya nyingine. Hema lilikuwa la rafiki yangu mmoja wa kwenye usomaji. Lilikosa mti wa katikati, alioupoteza mwenyewe na hakukumbuka wapi.

Tulitoka Alhamisi asubuhi, siku nane kabla ya Ijumaa ile. Kibenga tulipita kando ya nyumba za kifahari ambazo ziwa lilikuwa limeziingilia kupitia mageti, na nyasi za majini zilikuwa zimeota kwenye mabaraza. Watu walishazoea. Mlinzi mmoja alikuwa ameketi juu ya ukuta, miguu ikining'inia majini, analinda.

Baada ya Kanyosha barabara ikawa vumbi na mawe. Kaka alivaa kofia ya pikipiki, ile kubwa inayofunika masikio, na watoto wakatukimbilia: "Muzungu! Muzungu wa makaa!" Kwangu mimi, mwanamke wa kitambaa kichwani anayekanyaga kinga, yaani baiskeli, wanaume waliokaa kwenye vibanda walikuwa na swali moja tu.

"We dada! Unatoroka bwana?"

"Apana," kaka akawajibu kwa niaba yangu. "Ninamurudisha kwao. Amenishinda kula!"

"Usimurudishe! Umuache hapa, mi niko na shamba la muhogo!"

"Atalimaliza!"

Walicheka mpaka tukapotea kwenye kona. Mbele yetu walikuja wabeba mawese, waendesha baiskeli kutoka kusini wenye bidoni nne nne za mafuta mekundu, vifua vimelala juu ya usukani. Mmoja alikuwa ameshika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, anavutwa mlimani, na kwa mkono wa pili anakula ndizi. Kulia ziwa lilikuwa pale pale, na milima ya Kongo ng'ambo, buluu. Niliyaona yote hayo. Najua ni mazuri kwa sababu nimewahi kuyaandika hivyo.

Magara tulipumzika, tukala ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwa ugali wa muhogo. Hapo kaka akaanza kuniambia habari za nyumba, maana mimi nilizaliwa mjini na Rumonge nilikuwa naijua kwa Idi za utotoni tu.

"We hukumuona mama akibeba maji," alisema. "Nyumba ilikuwa juu, ziwa liko kule chini. Anapanda na bidoni kichwani, mimi mgongoni. Wajomba walimusimanga baba: ulituahidi nini siku ya ndoa? Baba akanunua mabomba. Akayapanga pembeni ya nyumba. Kila mwaka anasema mwaka huu."

"Halafu?"

"Halafu tukahamia Buja."

Tulifika alasiri. Rumonge ni mji wa zamani, mkongwe kuliko Bujumbura wakisimulia wenyewe. Huko ndiko majahazi ya Ujiji yalikoteremsha nguo, chumvi na Kurani. Mtaa wa Waswahili bado uko vilevile, nyumba fupi zenye baraza, wazee wenye kofia, harufu ya mawese yanayochemshwa. Shangazi yetu, dada wa baba, alikuwa mlangoni anapeta maharagwe. Alipotuona alidondosha ungo.

"Mumekuja na kinga? Mpaka huku? Yoo, mutoto wa kaka yangu, na makalio haya?"

"Shangazi, ilikuwa makubwa, imebaki njiani," kaka alisema.

Alitukumbatia, akalia kidogo kwa ajili ya baba, akajifuta. Akanitazama usoni. Nikatazama maharagwe. Kaka akamweleza tulichofuata: maji ya nyumbani, ya kumtoa mama eda. Mkono wa shangazi ukasimama kwenye upindo wa kitenge chake.

"Ya nyumbani," alisema. "Baba yenu hakuwaambia?"

Shangazi alivaa kandambili, akatupeleka.

Tulishuka njia ya michikichi, na ziwa likatupokea mapema mno, kabla ya mahali ambapo miguu yangu ilikumbuka lilipo. Nyumba ya baba ilikuwa imesimama majini. Mabati yalikuwa yameondolewa, milango imeondolewa, kuta zilikuwa zimebaki usawa wa dirisha, na maji yalikuwa yanaingia na kutoka polepole, kama mwenye nyumba. Kipande cha uani tu, sehemu ya juu ya jiko la zamani, ndicho kilichokuwa kikavu. Na pale yalikuwapo mabomba, yamepangwa, yamekula kutu, majani yamepita katikati.

"Alikuja mwaka jana akaona," shangazi alisema. "Alisimama hapo ulipo. Akaniambia, dada, usimwambie mke wangu. Anajua iko na nyumba. Mwache awe nayo."

Kaka alivua kofia ya pikipiki. Mimi nilisimama nikifikiri kwamba jiko lile linatosha kupiga hema.

Mila ya maji haya ni moja: yanachotwa alfajiri, kabla jua halijayagusa, na anayechota hasemi na mtu, wala hasemeshwi. Tangu anapofungua macho mpaka kizibo kikazwe, kimya. Salamu ikitoka, maji yanamwagwa, unangoja kesho yake. Kwa hiyo ilitubidi tulale pale pale, maana kwa shangazi kuna wajukuu na jogoo na redio, na huwezi kufika mlangoni bila kusalimiwa na mtaa mzima.

"Mutalala inje kama wakimbizi?" shangazi aling'aka. "Kitanda iko!"

"Shangazi, tukirudisha hema halijafunguliwa watatucheka."

"Na viboko?"

"Huyu ni mwandishi. Viboko wanaogopa kusomewa."

Shangazi alimpiga kofi la bega, akaenda kutuletea wali na mukeke, samaki wa ziwa lile. Hema likakataa kusimama kwa kukosa mti. Kaka akachomoa bomba moja kwenye lile rundo, akaling'oa majani, akalisimamisha katikati. Lilifaa kabisa, kana kwamba lilikatwa kwa kazi hiyo.

Alfajiri niliamka kabla yake. Nilichukua bidoni, nikaingia majini kupitia mlango wa mbele, kwa sababu ndio mlango. Sebule. Ukumbi mwembamba. Kushoto chumba cha baba na mama. Maji yalinifika magotini. Chini ya nyayo nilihisi sakafu ya saruji, laini bado, ile mama aliyokuwa akiisugua kwa nta nyekundu Idi zote. Samaki wadogo walizunguka miguu yangu, wakaona sina kitu, wakaenda. Nilijiambia: ni hapa. Kama kilio kitakuja, kitakujia hapa. Nilingoja kwa heshima, kama unavyomngojea mtu aliyechelewa kwenye miadi. Maji yaliingia dirishani, yakatoka mlangoni. Nikainamisha bidoni, ikaanza kumeza.

Nilipogeuka nilimwona kaka. Alikuwa ameketi juu ya mabomba, amejifunika shuka, na mdomo wake ulikuwa wazi bila sauti. Nadhani ni ule ukimya. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akitupa neno mbele ya kila jambo, kama mtu anayetupia mbwa mfupa, asubuhi ile hakuwa na ruhusa ya neno lolote. Alilia mabega yakitetemeka, akinitazama mimi niliyesimama ndani ya chumba cha wazazi wetu na bidoni nusu. Niliijaza. Nikakaza kizibo.

"Twende," nikasema.

Tulisimama tena Magara. Pale akasema, akiwa anakaza kamba ya bidoni iliyokuwa imekazwa tayari, "Mama asiambiwe. Tutasema tumechota ufukweni. Haiko uongo. Ufukwe ndio umehama."

"Sawa," nilisema. Sikuwa na sababu ya kukataa, wala ya kukubali.

Bidoni ilikaa pembeni ya kitanda cha mama juma zima. Aliigusa kila alipoamka kuswali. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, mabibi wawili wa mtaa walimwingiza kwenye bafu la uani, wakamketisha juu ya kigoda, kitambaa cheupe kifuani. Kaka alibaki nje ya ukuta na baiskeli, akijifanya anazitia pumzi. Mama alisema anayemwaga niwe mimi.

Nilichukua kopo. Mgongo wake ulikuwa umepungua. Nilijaza kopo la kwanza, na kabla sijalimwaga akauliza, bila kugeuka, "Umechotea wapi? Kwenye lile jiwe la kufulia?"

Nilikuwa na jibu. Kaka alikuwa amenipa. Lakini ili useme uongo inabidi utake kitu fulani kisitokee, na mimi kwa miezi ile sikuwa nataka chochote kitokee wala kisitokee.

"Chumbani," nilisema.

Nje, pampu ya baiskeli ikanyamaza.

"Chumba gani?"

"Chenu. Ziwa limeingia nyumbani, mama. Maji yananifika hapa." Nikagusa goti, ingawa hakuwa akiniona. "Baba alijua."

Bibi mmoja akaniminya mkono kwa nguvu. Mwingine akasema, "Astaghfirullah, mutoto huyu." Matone kutoka kwenye kopo yalikuwa yakidondoka begani kwa mama, na ngozi ilikuwa inasisimka kila tone.

"Na mabomba?" akauliza.

"Yapo. Moja tulisimamishia hema."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mabibi wakamshika huku na huku, wakaanza kumtajia Mungu, mpaka walipogundua kwamba anacheka. Alicheka kwa kukosa pumzi, mkono kwenye mbavu.

"Siku ya kunioa," alisema, "aliwaambia wajomba zangu mbele ya shehe: huyu bibi harusi hatachota maji. Maji yatamufuata chumbani." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mwanaume yule. Ameyaleta!"

Bibi mmoja alijaribu kujizuia, akashindwa. Mwingine alishika ukuta. Kutoka nje tulisikia kaka naye, kicheko chake kile cha karakana, kimechanganyika na kitu kingine.

"Mwaga," mama akaniambia.

Nikamwaga. Bidoni iliwahi kubebea mawese, kwa hiyo maji yalikuwa na harufu ya mbali ya Rumonge juu ya harufu ya ziwa. Nilimmwagia kichwani, mabegani, mgongoni, kama nilivyoelekezwa, na mabibi walimsugua na kumwombea. Alivaa kitenge cha njano na kijani ambacho sikuwa nimekiona tangu msiba. Akatoka bafuni, akavuka uani, akapita sebuleni bila kusimama, akafungua mlango wa mbele yeye mwenyewe. Jua lilimpiga usoni, akakunja macho. Wanawake wa mtaa wakapiga vigelegele.

Kaka alikuwa kizingitini na pampu mkononi, macho mekundu.

"Kesho," mama alimwambia, "nataka kuiona nyumba yangu."

"Mama, mafuta hakuna. Basi hakuna."

"Si iko kinga?"

"Utakaa kwenye keria? Mpaka Rumonge?"

"Mi nilikubeba wewe na bidoni pamoja. We utashindwa kunibeba mi peke yangu?"

Watu wakacheka tena, na mtu akaanza kumtania kaka kuhusu miguu yake. Nilirudi uani kuokota vyombo. Kopo, kigoda, kitambaa cheupe. Nilipoinua bidoni ilikuwa na uzito kidogo. Nikaitikisa. Chini yalikuwa yamebaki maji, kiasi cha kujaza viganja viwili. Nilikwenda nayo mpaka kwenye mfereji, nikainamisha, kisha nikaiinua tena. Nilikaza kizibo, nikaiingiza chumbani kwangu, nikaiweka kando ya daftari.