Maneno Aliyoyaficha Tharcisse

Siku ya kwanza Honorine alipofanya biashara na Tharcisse, alishindwa. Alikuwa mnunuzi wa kobalti pembeni mwa Kolwezi, na mashine yake ya kupimia madini ilisoma moja na nusu kwa mia. Tharcisse, mchimbaji aliyetoka Kisenge, alilamba jiwe lake.

"Mama, hii iko tatu. Masini inajua, ni wee unaikataza kusema."

Honorine akacheka, akalipa tatu. Kesho yake akamwajiri amchagulie mawe.

Kwa miaka tisa Tharcisse alikumbuka kila shimo na jiwe lake. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, kumbukumbu hazikurudi. Alipotea hatua ishirini tu kutoka nyumbani, mpaka mkewe Mushiya akaanza kufunga lango kwa kufuli. Akawa anashinda nyuma ya lango hilo la mabati akiomba wapita njia wamfungulie.

Honorine alimtaka fundi wake wa mawe arudi. Alimpeleka kwenye hospitali moja iliyokuwa ikijaribu tiba ya kofia: sponji yenye maji kichwani, umeme hafifu unaopita bila kukata ngozi, huku mgonjwa akifanya mazoezi ya kukumbuka. Daktari Kalombo hakuahidi kitu. Alimwambia Honorine pembeni kwamba baada ya wiki tatu, asiyeonyesha badiliko humwachia mwingine nafasi. Honorine akalimeza hilo, asimwambie Tharcisse. Katika biashara hakuwahi kumwambia mtu bei yake ya mwisho.

Wiki tatu zilipotimia, siku ya kipimo, Tharcisse alisomewa maneno kumi na tano. Akarudisha manne, yaleyale manne ya mwanzo wa tiba. Kalombo akafunga faili.

Ndani ya gari Tharcisse akaanza kuyarudisha maneno ya kipimo: "Nyundo, chumvi, daraja, mbuzi..." Akafika kumi na moja.

"Tata Tharcisse, kwa nini haukumwambia munganga Kalombo?"

"Na ni wee unauliza, mama? Nani anatoa jiwe nzuri kwa kipimo ya kwanza? Ningesema yote, bangesema nimepona, banivue kofia."

Honorine akageuza gari. Hospitalini, kiti cha tiba kilikuwa tayari na mwanamke aliyetoka Dilolo, sponji kichwani.

"Kilichosemwa njiani siwezi kukiandika," Kalombo alisema.

Honorine alipata uhakika kwamba fundi wake alikuwa ameanza kurudi, akamkosa fundi mwenyewe. Tharcisse alipata maneno kumi na moja. Kila asubuhi huyasema kwa sauti, akishika mabati. Mushiya humsikiliza mpaka mwisho, humsifu, kisha hufunga kufuli na kwenda sokoni.