Steringi Alipokufa Mapema

Naikumbuka siku moja ya soko pale Same, mwanangu, siku ambayo kwa nusu saa nzima niliamini nimemuua mama yangu kwa mdomo wangu. Sikumgusa. Nilishika kipaza sauti tu.

Zilikuwa zile enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni ilikuwa inaisha, lakini mifukoni bado hatukuwa na kitu. Kajiru akaja na televisheni na deki ya video kutoka Arusha, akazungushia mabati nyuma ya soko, akapaita ukumbi. Namtaja Kajiru kwa jina lake, maana siku ile yeye hakunistiri.

Mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri wake wa picha, kwa kipaza sauti. Usicheke. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa, na Kiingereza changu kilikuwa cha "njoo", "nenda" na "piga", basi. Yaliyobaki nilitunga. Watu walipenda nitaje kwao, kwa hiyo mji wowote wa kwenye picha niliuita Same, na jambazi akikimbia nilisema anakimbilia bwawa la Nyumba ya Mungu kula perege. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Siku hiyo mkanda ulikuwa wa vita, tena vita vya mjini, vya siku hizi, siyo vya porini. Kwa mara ya kwanza Kajiru alikuwa ametundika spika ya honi nje juu ya paa, ili wapita njia wasikie na waingie. Tatizo, picha ile haikuwa na mbwembwe. Askari wanapita nyumba kwa nyumba wakionyeshana kwa vidole. Hakuna muziki. Mmoja amekaa chini ya ngazi anatetemeka, anashindwa kujaza risasi. Kiatu cha mwanamke kimebaki katikati ya barabara na hakuna anayekiokota. Halafu, watu hata hawajakaa vizuri, steringi, yule shujaa wa picha, akapigwa risasi dirishani, akafa.

Ukumbi ulilipuka.

"Steringi hafi, bwana!"

"Mkanda mbovu huo! Kajiru, geuza upande wa pili!"

"Tulieni," nikasema, "hajafa, amezimia." Lakini picha iliendelea na yeye amelala vilevile, nzi wanamtembea usoni. Watu wakaanza kusimama. Kajiru akaninong'oneza, "Changamsha, wewe! Umelala?"

Nikachangamsha. "Haloo, haloo! Adui wameingia Same! Wamevuka reli! Wako stendi, wanaua mpaka kuku! Wanakuja sokoni sasa hivi, kimbieni!" Na mkanda wenyewe, kama vile ulikuwa unanisubiri, ukaanza kumwaga risasi.

Ndani walipiga makofi. Nje, mwanangu, soko lilikimbia.

Nilikuja kugundua niliposikia mabati yanagongwa na watu wanalia. Nikatoka. Nyanya zimepondwa, meza zimelala chali, mbuzi mmoja anakula kabichi za watu kwa raha zake. Ndipo nikakumbuka. Mama yangu alikuwa ameshuka asubuhi ile kutoka milimani na tangawizi zake. Mama mwenye moyo wa kwenda mbio, aliyempoteza mdogo wake vitani, asiyeweza kusikia hata tairi ikipasuka bila kushika kifua. Pale alipokuwa akiuzia nilikuta tangawizi zimemwagika, na ndala yake ya bluu. Moja tu. Nikakiona kile kiatu cha kwenye picha. Mkono ulikataa kuiokota.

Nilizunguka nikiita "Mama! Mama!" na kila mwanamke akageuka isipokuwa wangu. Barabara ya Kisiwani, hayupo. Kanisani, hayupo. Nikafika kwenye mashine ya kusaga, nikasukuma mlango, mzito. Nikausukuma kwa bega mpaka nikapenyeza kichwa. Aliyeuziba alikuwa Mapunda, mkata mkonge, mtu wa Songea, aliyepigana vita vya Uganda na ambaye siku zote alikuwa kimya kama hajui kuongea. Alikuwa amejilaza mlangoni kwa mwili wake wote, mweupe kwa unga, anatetemeka sawasawa na yule askari wa chini ya ngazi. Nyuma yake, wanawake wamejibanza kati ya magunia.

"Wako wangapi?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Walioingia."

Hapo nikamwona mama, mguu mmoja peku. Akili iliruka, nikatoa lile neno ambalo mdomo unalijua wenyewe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. "Vita vimefika wapi?"

"Hakuna vita, mama. Ni video. Ni mimi."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, machozi yakamchora mistari kwenye unga, na wenzake wakafuata. Mimi nilikaa chini palepale nikalia. Sijawahi kuvuta pumzi tamu kama ile, mpaka leo.

Mapunda hakucheka. Alijipangusa unga taratibu, akatoka.

Polisi walipokuja, Kajiru aliapa kwamba ile honi niliifunga mimi kwa siri. Nikalala ndani siku mbili, na makofi juu. Leo ana duka la mabati, na samahani yake bado naingoja. Lakini mdomo ulikuwa wangu, siyo wake. Hilo nalo nalisema.

Nilipotoka nilikwenda kambi ya mkonge kumwomba Mapunda radhi. Akaniambia, "Nisimulie hiyo picha. Bila mbwembwe zako." Nikamsimulia: vidole, ngazi, kiatu, steringi na nzi. Alinisikiliza macho yakiwa chini.

"Aliyeitengeneza anajua," akasema. "Alikupa ukimya, mdogo wangu. Wewe ukadhani ni pengo."

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Siku hizi kipaza sauti kiko mfukoni mwako, kwenye simu, na akina Kajiru wa kukuambia "changamsha" hawajaisha. Ukiona maumivu ya mtu na huyaelewi, usiyatungie maneno. Kaa nayo kimya, au muulize aliyepita humo. Na kabla hujasema kwa sauti kubwa, jua honi inaelekea wapi na ni nani wako aliyepo sokoni.

Mungu akuwekee mama yako. Kila ukirudi nyumbani umkute, umwamkie akuitikie, na akikuuliza vita vimefika wapi, uwe na jibu nililokuwa nalo mimi: hakuna vita, mama.