Mikono Juu Darasani kwa Zaina

Zaina hakuwa mtu wa kuamini haraka. Ungemkuta asubuhi katika vichochoro vya Mangobo, kitenge kimefungwa barabara, chaki mkobani, ungedhani anakwenda kushitaki mtu. Alizaliwa mtaa huohuo, katika ukoo wa Waislamu mafundi cherehani, na baba yake alitaka walau binti mmoja ashike chaki badala ya sindano. Akaishika. Ameolewa, amefiwa, amelea, na miaka yote hiyo amefundisha shule moja tu ya msingi, nyumba chache kutoka kwao. Hizo nyumba chache ndizo zilizokuwa roho yake, kwa sababu mama yake haoni tena, na kila mapumziko Zaina hukimbia nyumbani kumwekea chakula mkononi. Wangempeleka shule nyingine, nani angemlisha mama?

Kwa hiyo mgeni yeyote aliyekuja shuleni na kalamu alimkosesha raha, na sababu alikuwa nayo. Rafiki yake Madame Vicky alifundisha darasa la jirani mpaka mkaguzi mmoja alipowakuta watoto wake hawajui kugawanya. Mkaguzi alitabasamu, akashukuru, akaenda zake. Haukupita muda Vicky akahamishiwa shule ya msituni, mbele kabisa ya Yanonge, na mpaka leo salamu zake huja na mtumbwi. Lile tabasamu Zaina hakulisahau.

Basi fikiria Zaina alivyojisikia siku mkurugenzi wa shule, Papa Mohamadi, alipomleta mtu mwenye kamera. Huyo alikuwa Ismaël, mtafiti wa chuo kikuu, mwenye viatu safi mno kwa matope ya Mangobo. Alieleza kwamba hakuja kukagua. Anafuata nadharia ya shughuli, alisema: ujuzi haukai kichwani mwa mtu mmoja, unakaa katika kazi ambayo watu wanaifanya pamoja, na vifaa vyao, na kanuni zao, na mazoea waliyoyarithi. Kazi hiyo ikiwa na mgongano ndani yake, wenye kazi ndio wa kuuona na kuibadilisha, siyo mgeni. Yeye angepiga picha za video za siku za kawaida, kisha walimu wangekaa pamoja wajitazame.

Maneno matamu hayo, na Zaina aliyasikiliza kwa jicho la pembeni. Kama hukagui, kamera ya nini? Na mtu anayejua kazi yako ina kasoro, halafu anakuomba wewe uitaje, si anakutega ukiri kwa mdomo wako mwenyewe? Alimuuliza picha zitakwenda wapi. Ismaël akajibu kwamba zitabaki kwa walimu na kwa utafiti. Hilo neno la mwisho lilimnyima usingizi.

Kamera ikawekwa juu ya kabati la darasa lake. Siku za kwanza Ismaël alikaa nyuma, na kila Zaina alipouliza swali, mikono yote ilikwenda juu, darasa zima, hata walioketi dirishani. Baadaye mtafiti akaacha kuja, akaiacha kamera ifanye kazi peke yake, na Zaina akaizoea mpaka akaisahau.

Mikono hiyo ilikuwa na siri yake, na kila mwalimu wa shule aliijua. Baada ya Vicky kuondoka walikubaliana kwamba mgeni akiingia, watoto wote wanainua mkono: anayejua anainua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, mgeni anaridhika, na hakuna anayepelekwa msituni. Zaina ndiye aliyewafundisha watoto wake vizuri kuliko wenzake wote, na alijivunia.

Siku ya kujitazama ikafika. Walimu walibanana kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigusa kidevu, picha zikaonyeshwa ukutani. Ismaël alilisifu darasa la Zaina, watoto wote wana hamu hivi! Wenzake wakainamisha vichwa wasije wakacheka. Maskini, hakuona kitu. Moyo wa Zaina ukatulia kabisa. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

Kisha zikaja picha za siku ambazo hapakuwa na mgeni. Nyuma kabisa aliketi Élise, binti wa familia ya wavuvi kutoka Isangi, mkono wa kushoto juu kana kwamba mgeni yupo. Swali likapita, mkono uko juu. Likapita lingine, mkono ungali juu, mtoto ameushikilia kwa ule wa kulia maana umechoka. Na Zaina wa ukutani alikuwa akipitisha macho juu yake, akitafuta mikono ya kulia, kana kwamba pale nyuma pana ukuta mtupu. Zaina wa dawatini aliona aibu.

Ismaël akauliza wanaona nini. Papa Mohamadi akakohoa kwa namna ambayo kila mwalimu aliielewa.

“Batoto ya mukono ya kushoto habajui,” Zaina akasema. “Ni sisi tulibafundisha vile, juu ya bageni. Alors, hata mugeni haiko, mimi sibaone tena.”

Ismaël akasimamisha picha, akauliza ni mgeni gani wanayemwogopa hivyo. Zaina akamweleza habari za Vicky, zote. Mtafiti akamshukuru, akatabasamu, na tabasamu hilo likamtia Zaina baridi. Mlangoni Papa Mohamadi alimwambia polepole, “Madame, umetuuzisha.” Zaina akashika njia ya nyumbani kwa mama, akiwaza kwamba huenda ni kweli.

Asubuhi yake aliandika hesabu ya kugawanya ubaoni, akawaambia watoto kwamba kuanzia leo asiyejua ndiye atakayeinua mkono, naye Madame atakwenda kukaa naye wafanye pamoja. Hakuna mkono ulioinuka. Watoto walitazama mlango, wakatazama juu ya kabati, kisha wakamtazama yeye usoni, kwa macho yaleyale aliyokuwa akimtazamia Ismaël.

Akaenda nyuma, akaketi karibu na Élise, akamuuliza kwa upole kama hesabu hii anaijua. Élise akaficha mikono yote miwili chini ya dawati.

“Madame,” akauliza kwa adabu, “leo kunakuya mugeni gani?”