Kalenda ilisema 9:00, mimi nikasema saa tisa

Nitukaneni tu, leo nastahili.

Mnajua ile kalenda niliwekea kliniki ya macho hapa Bondeni. Iko kwa kompyuta yetu wenyewe, na mbele yake kuna seva ingine inapokea watu na kuwapitisha ndani.

Jana nikagusa laini moja ya mipangilio kwa hiyo seva ya mbele. Kalenda ikakataa kufunguka kliniki yote.

Rose wa mapokezi akapiga simu: "Boss, kuna mzee wa Keringet kwa simu ingine. Operesheni yake kesho ni saa ngapi?"

Nikachungulia kalenda moja kwa moja kwa kompyuta ya nyuma. 9:00.

"Saa tisa," nikamjibu, akili yote iko kwa ile laini niliharibu.

Leo mzee amefika saa nane, mkewe amemshika mkono. Mapema kabisa, kumbe amechelewa! Daktari alikuwa ameenda, na hurudi baada ya mwezi.

"Kompyuta ilikosea?" mzee akaniuliza.

Jamani, ningesema ndiyo, nani angejua?

"Hapana, mzee. Ilisema saa tatu asubuhi. Ni mimi nilikosea."

Akanyoosha mkono kuniaga, akaupeleka kando, mahali sikuwa.