Siku Niliyoomba Tusilime

Nyie mnaopukuchua mahindi hapo, mikono iendelee, masikio nipeni mimi. Mnaisikia hiyo harufu ya udongo uliolowa? Mimi mwenzenu ikinipiga puani tu, nyayo zinaanza kuuma zenyewe. Nilipokuwa na miaka minane, mvua za kwanza zikishalainisha ardhi yetu hii ya Ufipa, kazi yangu ilikuwa kutangulia mbele ya ng'ombe wa plau. Nashika kamba, nakwenda, nageuka, narudi, toka umande mpaka jua la utosi. Shamba letu la huku Mollo lilikuwa refu, ukifika mwisho wake unakuta watu wanasalimiana kwa lugha nyingine. Baba alikuwa ameshafariki. Plau aliishika Mjomba Deus, kaka yake mama, mtu wa maneno machache, na ng'ombe tulikuwa nao wawili tu: Bwana Shamba, ambaye alikuwa mvivu, na Diwani, ambaye alikuwa na tumbo. Akikosekana mmoja hakuna kulima, na pasipo kulima hakuna ulezi wala mahindi. Mwaka mzima tungekula nini, majina yao?

Sasa katekista wetu wa kigangoni alitufundisha kwamba Mungu ni Baba, aombwe kama mtoto anavyoomba ugali nyumbani, bila kuzunguka. Wenzangu walisikia wakasahau. Mimi niliamini mpaka kwenye kucha. Niliomba kuku wetu atage, akataga. Niliomba jino la mbele liote, likaota, tena kubwa kuliko nilivyoomba, mnaliona. Kwa hiyo asubuhi ile, nyayo zimepasuka, nilipiga magoti juu ya mkeka nikasema kwa Kifipa, lugha ya nyumbani: Mungu Baba, leo tusilime, amina. Nikaongeza Salamu Maria moja ili ombi lisikwame njiani. Nikatoka mwepesi kama unyoya, nikawapeleka ng'ombe kijitoni kunywa maji.

Mpaka leo sijui Diwani aliona nini ng'ambo. Aliacha mahali pa kunywea siku zote, akavuka, akayafuata majani mabichi ya bondeni. Majani yale yamekaa juu ya tope kama shuka juu ya shimo. Mguu wa kwanza ukaingia, wa pili ukaufuata, na nilipomaliza kupiga yowe tumbo lilikuwa limeshakaa kwenye matope. Mama alikuja mbio na kanga mkononi. Mjomba akaja na mnyororo wa plau, majirani na kamba na majembe. Na mimi nimesimama pale nimeganda, kwa sababu mimi peke yangu nilijua aliyemzamisha Diwani ni nani.

Mjomba akaingia mpaka kifuani, akapitisha kamba chini ya tumbo la ng'ombe kwa kupapasa. Wanawake wakakata matawi na majani, wakayashindilia mbele ya miguu yake. Bwana Shamba akafungwa nira na dume la jirani, wakavuta. Kamba ikakatika. Wakaunganisha, wakavuta tena, fundo likafumuka, na Diwani akashuka zaidi, sasa zimebaki pembe, macho na pua. Huku upande wa bonde la Rukwa wingu limeinuka jeusi kama sufuria ya msibani. Mvua ikishuka, kijito kinajaa, na ng'ombe aliyekwama anakunywa mpaka anakufa. Kila mtu alijua. Tone la kwanza likanipiga kisogoni, kubwa kama embe, naapa.

"Deus, toka huko," mama akasema. "Toka, kaka, nisije nikawakosa wote."

"Vuteni," Mjomba akajibu. Alikuwa ameikumbatia shingo ya Diwani, ameinua pua yake isiguse maji.

Nikaenda nikapiga magoti palepale ukingoni, hatua mbili kutoka kwao. Nikasema: Mungu Baba, ile ya asubuhi nilikosea. Ifute. Tulime. Tulime hata mpaka Krismasi, nami sitachoka, ila mtoe Diwani. Nilisema kwa Kifipa kwa kuwa ndiyo lugha niliyoombea ile ya kwanza, halafu nikairudia kwa Kiswahili, isije ikawa huko mbinguni Kifipa wanakijua wachache. Nilipofumbua macho, Mjomba alikuwa ananitazama, uso wote tope, macho mawili tu. Akageuka akapiga mluzi, wale ng'ombe wawili wakavuta, mnyororo ukalia, na bonde likamtapika Diwani kwa mlio ambao nafikiri hata watu wa Wampembe kule Ziwa Tanganyika waliusikia.

Na wingu? Likapita. Mama akamtazama Diwani anayetetemeka, akatazama ardhi ilivyolainika, akaazima dume la jirani. Tulilima siku ile mpaka jua likazama. Nami nilitangulia mbele, wala sikulalamika kuchoka. Ombi nililijua ni la nani.

Siku hizi nakaa Sumbawanga mjini, kanisa letu lina vipaza sauti, na sala zangu zimekuwa ndefu. Kwanza namweleza Mungu shida, halafu namweleza na namna ya kuitatua, halafu nanyanyuka nampigia mtu simu endapo atachelewa. Yule mtoto wa sala fupi simpati tena, na namtafuta kweli. Msimu uliopita nilikuja hapa nyumbani kulimisha kwa trekta. Saa mbili asubuhi trekta zima likazama bondeni, pale pale pa Diwani, matairi ya nyuma yote mawili. Dereva akashika simu, mwenye trekta akashika simu, mwenzenu nami nimeshika simu. Wingu likainuka upande uleule. Mjomba Deus, sasa mzee wa fimbo, alikuwa amekaa juu ya kichuguu anatutazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja alichonisikia nikiomba siku ya Diwani. Akanigeukia mbele ya kijiji kizima:

"Yustina, hebu sema ukweli. Asubuhi umeomba nini?"