Familia ya Marlys Juu ya Mizani ya Mahindi

Marlys Hruska ameendesha basi la shule la njano tangu ujana wake, na kila Juni likishaegeshwa humpanda wazimu uleule: anataka kwenda. Kwetu Nebraska ni mahindi hadi macho yachoke. Yeye anataka milima ya magharibi, na anataka waende wote sita kwa gari moja: yeye, mumewe Dwayne, watoto watatu, binti mkubwa akiwa Josie, na mama mkwe wake Albina, ambaye kila mwaka husema milima ataiona mbinguni.

Mwaka huu Rollie, muuza karavani wa kando ya barabara kuu, aliwaachia mchana mmoja waijaribu karavani, nyumba ya kuvutwa na gari, ndefu, mpya, yenye vitanda vya ghorofa. Marlys aliingia ndani, akajilaza kwenye zulia, akacheka peke yake.

"Pikapu yenu itaivuta kama kigari cha mtoto," Rollie alisema.

Dwayne akavimba kichwa. Pikapu yake ni ya aina tunayoiita nusu tani. Jina ni la zamani tu, hubeba zaidi ya hapo. Lakini Marlys alikuwa ameshasoma kibandiko kwenye fremu ya mlango: gari, vilivyomo na kila kinacholilalia, visizidi uzito wa pauni elfu saba.

"Kuvuta sibishi," alisema. "Mimi naogopa kubeba. Pua ya karavani inaulalia mkia wa gari. Halafu tupo sisi."

"Sisi wepesi."

"Wewe, Dwayne? Mwepesi?"

Basi wakapakia kama wanaondoka kweli: mifuko ya nguo, vyakula, mitungi ya kabichi chachu ya Albina, na jiko la chuma la Dwayne la kukaushia nyama kwa moshi. Wakaenda kwenye ghala la nafaka, penye mizani ya malori ya mahindi. Wazee walikuwa kwenye benchi na vikombe vya kahawa, na mbele yao ubao wenye tarakimu nyekundu kubwa kama mlango.

Albina akagoma. "Mimi si gunia!"

"Mama, wataona uzito wa gari zima, si wako," Marlys akasema.

"Watapiga hesabu! Nawajua hao, watakaa watoe hadi wanipate!"

Watoto wakamsukuma ndani huku wanacheka. Dwayne akapandisha pikapu kwenye mizani, karavani ikiwa imefungwa nyuma lakini magurudumu yake yakiwa nje ya mizani. Ubao ukaruka, ukatulia: 7,430.

Mzee mmoja akapiga mluzi. "Dwayne! Kimoja kishuke, ama mama ama jiko!"

"Ngoja nifikirie," Dwayne akajibu, na mama yake akamzaba kofi la kisogoni.

Kisha akamgeukia mkewe. "Mia nne tu hizo. Si imevuta vizuri hadi hapa?"

"Hapa ni tambarare, hata baiskeli ya Josie ingevuta. Kule kuna miteremko. Shuka utazame: taa za mbele zinaangalia mawingu."

Albina akafungua mlango polepole. "Mimi nibaki. Kuna nyanya za kumwagilia."

"Funga mlango, Mama," Marlys akasema. "Mimi simwachi mtoto kituoni eti basi dogo. Kinachobadilishwa ni basi."

Wakarudi kwa Rollie. Marlys akazipita karavani zote zinazong'aa, akaenda hadi moja fupi kule uani, yenye mapazia ya kahawia na meza inayogeuka kitanda.

"Hiyo? Hiyo ni ya wastaafu wawili," Rollie akasema.

"Inalaza wangapi?"

"Watano, kama wanapendana."

Wote wakamtazama Dwayne.

"Mbona mnaniangalia mimi?"

"Una hema, Baba," Josie akasema.

Marlys akaandika hundi palepale kabla mtu hajabisha, na haooo, mizani tena. Wazee walikuwa wameongezeka. 7,080.

Bado zimezidi themanini. Dwayne alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akalitazama jiko lake. Akashuka. Akalikumbatia, akalibeba huku anahema, akalitua mbele ya benchi.

"Msiliguse."

"Tutalichunga," wakasema, na mmoja tayari anauliza nani ana soseji.

Dwayne akarudi garini, na ubao ukatulia: 6,970. Marlys akapiga kelele hadi njiwa wakaruka kutoka juu ya ghala. Watoto wakapiga ngumi dari, Albina akiwaimbisha. Marlys akabadilishana kiti na mumewe, akashika usukani.

"Haya," Dwayne akasema kutoka upande wa abiria, "twende nyumbani tukajiandae."

"Kujiandaa na nini? Si tumeshapakia?"

Dwayne akafunga mkanda. Kwenye njia panda Marlys akawasha taa ya kushoto, magharibi, na karavani ikawafuata imenyooka.